Chaza Katika Kabati la Sambusa

Mume wangu alirudi kutoka Geita amelala nyuma ya pikapu juu ya godoro, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka pajani, na mikononi kakumbatia ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kulia tangu habari iliponifikia kwamba duara limemwangukia. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na mimi jina hilo nililichukia kabla hata ya siku ile. Lakini nilipoiona ndoo nikasahau kulia.

"Ni nini hicho?"

"Chaza," akasema. "Usiitikise."

Wakati gari linasubiri kivuko cha kuvukia ziwa, yeye na mguu wake uliovunjika alikuwa amemwomba kijana mmoja wa pale gatini ashuke majini, apapase mchanga kwa nyayo na kumwokotea chaza. Alizaliwa pwani ya ziwa, upande wa Geita. Utotoni walikuwa wakiwatafuta hivyo hivyo kwa miguu, na mama yake alikwangua ukoko wa ugali kwa gamba la chaza. Sasa walikuwa kwenye ndoo ile, weusi, kila mmoja kama kiganja cha mtu mzima, wamefunga magamba yao mawili kimya. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, mtu wa ng'ombe na pamba. Nikawaangalia nikajiuliza kama ni chakula.

"Si wa kula," akasema, maana ananifahamu.

Wanaume walimshusha, wakamlaza kwenye kitanda cha mbao sebuleni kwetu Ibadakuli kwa sababu kitanda cha ndani kilikuwa kinamtesa mgongo. Walipoondoka nikafunga mlango na kusema yaliyonijaa moyoni. Nilimwambia ametoka hai mara moja, mara ya pili sitaki kuijaribu. Akipona abaki hapa, tutafute kazi nyingine, hata kuuza mchele. Mume wangu si mtu wa kugombana. Alitazama dari, akasema mwenzake wa duara anamtunzia nafasi, mguu ukikaza atarudi. Hapa Shinyanga, akasema, yeye ni mtu wa kukauka tu. Vumbi, mbuga, maji ya kuchota kwenye lambo la ng'ombe. Kitu cha ziwani hakiishi huku.

"Na hawa umewaleta wa nini?"

Akaivuta ndoo karibu. "Niliwaonea huruma. Au nilijionea mwenyewe, sijui. Wakiweza kuishi hapa, basi labda na mimi nitaweza."

Labda hakumaanisha kitu. Mtu mwenye maumivu husema mengi. Lakini mimi nililichukua neno lile kama ahadi iliyotolewa mbele ya wazee. Nikajiambia chaza hawa wataishi, hata kama itabidi niwanyonyeshe.

Ndoo haikufaa, maana alitaka kuwaona. Mjini kulikuwa na mzee mwenye duka la vioo, wa familia ya Kihindi iliyokaa Shinyanga toka zamani za babu zao, na yeye mwenyewe alipata kufuga samaki wa rangi juu ya kaunta yake. Nikaenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kioo cha dirisha?"

Nilipomweleza nataka kufugia chaza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama upya. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Nyuma ya duka alikuwa na kabati la kioo la kuwekea sambusa, la hoteli iliyofungwa. Akalikatia kioo upande uliokuwa na mlango, akaziba pembe zote kwa gundi nyeupe, akaniagiza nisilijaze maji mpaka gundi ikauke. Nililisugua kwa majivu mara nyingi, na bado siku za kwanza juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wa mafuta ya kukaangia. Mume wangu alisema chaza wake watanukia vitunguu.

Tukaweka mchanga, tukamimina maji yote ya ziwa yaliyokuwa ndooni, tukaongeza kidogo ya kwetu. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo aliagiza pampu ya baiskeli, akaiunganisha na mpira wa dripu aliokuja nao kutoka hospitali, akawa anawapulizia hewa akiwa kitandani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aumie. Siku ile ile jioni, chaza mmoja akatoa kitu kama ulimi mweupe, akajichimbia nusu mwili mchangani, akafunua magamba kidogo. Pakaonekana vitundu viwili vyenye kingo za nyuzinyuzi laini, kimoja cha kuvuta maji na kingine cha kutolea.

"Huyo kafurahi," akasema mume wangu. "Chaza akiwa na raha hufungua mdomo."

"Kama wewe na pombe," nikamwambia. Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aondoke nyumbani msimu wa kilimo.

Tatizo lilianza na usafi wangu. Maji yale yalikuwa na ukungu wa kijani, na watu walikuwa wanakuja kumpa pole mgonjwa. Kila anayeingia macho yake yanaenda kwenye kabati. Nikaona aibu. Nimelelewa na mama ambaye angemsamehe mwizi kabla ya kumsamehe mwanamke anayempa mgeni maji ya rangi. Kwetu maji meupe hayaji yenyewe. Unachota lambo, maji ya rangi ya ngozi ya ndama, unachukua jiwe la shabu, unalizungusha ndani ya ndoo taratibu, unaacha. Tope linajikusanya, linazama, na juu yanabaki maji unayoweza kusomea barua. Hayo ndiyo ya mtungini, ya mgeni. Nikawaza, hawa si wageni? Wametoka mbali kuliko wote. Nikayamwaga maji ya ziwa nje kwenye mchicha, nikawajazia maji ya shabu, meupe pe. Mume wangu mwenyewe alisifu. Alisema sasa anawaona vizuri.

Aliwaona wakifunga.

Mmoja baada ya mwingine walifunga magamba, wakajichomoa mchangani, wakalala ubavu. Tukaanza kutafuta kosa. Kwanza nikalaumu joto, maana kabati lilikuwa karibu na dirisha na jua la saa nane la Shinyanga halina adabu. Tukalisogeza mpaka kona ya ndani, mimi nikisukuma na yeye akitoa amri kama msimamizi wa barabara. Hawakufungua. Kisha tukawashuku samaki wawili wadogo, furu, waliokuja ndani ya ndoo bila kualikwa. Tulimwona mmoja akimdonoa chaza mdomoni, basi kesi ikaisha. Nikawahamishia kwenye dumu lililokatwa. Hawakufungua. Mume wangu akasema ni mchanga, ule tuliouchota korongoni una kona kali, wa ziwani ni laini. Nikauchekecha kwa chekeche la unga mpaka mikono ikaniuma. Hakuna.

Halafu likanijia wazo baya. Mchanga ule nilikuwa nimeuoshea kwenye karai lake la kazi, na kwenye karai lile walikuwa wakikamatia dhahabu kwa zebaki. Nilipandwa na hasira.

"Umewaua kwa sumu yako ya dhahabu!"

"Karai umelichukua wewe," akasema.

Ni kweli nililichukua mimi, na hilo liliniongezea hasira. Nililitupa karai shimoni, nikatafuta mchanga mwingine, nikauosha kwenye ndoo safi. Na kila nilipobadilisha kitu nilibadilisha na maji pia, nikayafanya meupe zaidi ya jana. Nilikwenda tena kwa mzee wa vioo. Akanisikiliza vizuri, akafikiri, akasema: "Mama, samaki wangu wakiugua mimi nawapa maji safi. Ongeza usafi." Jirani yangu, mwanamke mwenye huruma sana, aliniletea maji ya kuchemsha aliyoyapoza kwa ajili ya mtoto wake mchanga. "Mayu, mama yangu, hawa wamezoea ziwa kubwa," akasema, "maji ya lambo yatawatia kinyaa." Nilimshukuru, wabeja sana, nikayamimina yote.

Siku iliyofuata sebule ikanuka. Chaza wawili walikuwa wamefunua magamba wazi kabisa na hawakufunga hata nilipowagusa kwa kijiti. Niliwatoa kabla mume wangu hajaamka, lakini harufu ilikwishamwambia. Aliiweka pampu ya baiskeli chini ya kitanda, akageukia ukuta.

Hapo ndipo nilipoogopa. Plasta ilikuwa imeshatolewa wakati huo, naye alikuwa anatembelea magongo ndani ya nyumba, mlangoni na kurudi. Juma lile aliniomba nimtafutie mabuti yake ya mgodini, akayapaka mafuta, akayaweka pale anapoweza kuyaona. Kisha ikaja salamu kupitia dereva mmoja wa Kahama: kumetokea rashi, watu wanakimbilia machimbo mapya upande wa Geita, dhahabu iko juu juu, mwenzake atapita na gari wiki ijayo kumchukua. Hata kama hawezi kushuka shimoni, atakaa juu avute kamba. Mume wangu alinipa habari ile huku akikagua kamba za mabuti.

"Na chaza?" nikauliza.

"Chaza umewaona."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, kilio cha hasira zaidi ya huzuni. Niliwalilia na wale chaza, nisiwadanganye. Nilikuwa nimewachotea maji umbali ambao sijawahi kumchotea mwanangu yeyote.

Asubuhi nikakuta wengine wawili wamelegea, magamba yamefunuka nusu, wakiguswa wanafunga polepole kama mtu anayeitikia salamu usingizini. Nikasema hawa nao wamekwisha. Sikutaka wanuke ndani tena. Nyuma ya nyumba kulikuwa na beseni kubwa la maji ya lambo niliyoyaacha juani kwa ajili ya kupigia deki, na kwa kuwa maji yangu yote mazuri yalikuwa yanaenda kabatini, yale yalikaa muda mrefu mpaka yakawa ya kijani kama mlenda. Nikawatupa humo. Nilipanga wakishafumuka niwatoe nyama, magamba niyatwange niwape kuku, mayai yapate kuwa magumu. Kisha jirani akapata msiba nikaenda kusaidia kupika, na nikawasahau.

Nilipowakumbuka nilikwenda na kinu kabisa. Nikainama juu ya beseni nikaduwaa. Maji yalikuwa meupe. Si meupe ya shabu, lakini niliona chini ya beseni, niliona hata ule mpasuko nilioziba kwa moto. Na pale chini, kwenye tope lililotuama, chaza wangu wawili walikuwa wamesimama wima, wamejichimbia, vinywa wazi, zile nyuzinyuzi zikichezacheza. Nikaweka kidole karibu. Wakafunga pap! Nikaruka nyuma nikaangusha kinu.

Nilipiga kelele mpaka mume wangu akatoka na magongo akidhani ni nyoka. Hakuwa amewahi kufika nyuma ya nyumba tangu aumie, kila nilipombembeleza alisema kesho. Siku ile alifika. Akaegemea ukuta akitweta, akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Uliwawekea shabu?"

"Sikuweka kitu. Yalikuwa maji ya deki. Ya kijani, machafu, yananuka."

Alikaa juu ya tofali, mguu kaunyoosha. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka taratibu, akitikisa kichwa.

"Wanakula ule ukijani," akasema. "Mama watoto, tulikuwa tunawanyima chakula."

Akaniambia jambo ambalo alilijua maisha yake yote na bado akalisahau. Kule kwao, chaza walipokuwa wengi, maji hayakuwa meupe. Yalikuwa ya kijani, ukiingia mpaka magotini huioni miguu yako, ndiyo maana waliwatafuta kwa nyayo. Ila miaka yote aliyokaa kwenye vumbi la mgodi, kila alipolikumbuka ziwa alilikumbuka jeupe, linang'aa. Na mimi, mtoto wa ukame, kwangu kitu kizuri kuliko vyote ni maji yasiyo na rangi. Basi tukakaa wawili tukawalaza wageni wetu njaa kwa heshima zote.

Mchana ule ule niliyamwaga maji meupe ya kabatini, nikamwagia mchicha, safari hii bila uchungu, nikawarudisha humo wale wawili wa beseni, nikajaza maji ya lambo yasiyoguswa na shabu. Waliobaki ndani walichelewa, mmoja wao alitutia wasiwasi mpaka kesho yake, lakini wakafungua, nao wakaanza kuyafanya maji yawe meupe. Nikawa natembea mitaani na ndoo naomba maji yaliyooza. Jirani yule yule aliyenipa maji ya mtoto nilimwomba yale ya kwenye pipa lake yaliyoota ukoga. Aliniangalia, kisha akamwangalia mtu aliyekuwa naye, na nikajua usiku huo nitakuwa habari. Mzee wa vioo alikuja mwenyewe kushuhudia, akakaa mbele ya kabati na chai yake mpaka ikapoa. "Huu ni uchawi mzuri," akasema, akamwomba mume wangu amtengenezee kabati la chaza kama lile la kuweka dukani, vioo atampa yeye. Mume wangu alisema ataangalia. Hakusema ndiyo, kwa sababu mabuti bado yalikuwa pale pale, yanang'aa mafuta.

Nami sikuuliza. Wenye hasira kama mimi huwa tunajua siku ya kunyamaza, ingawa ni chache.

Gari lilifika asubuhi, Landrova ya zamani imejaa watu na masururu, injini haikuzimwa. Mwenzake wa duara alishuka akiwa na furaha ya kweli, akamkumbatia, akampigapiga mgongoni. Alikuwa mtu mzuri, siwezi kumsingizia. Ni yeye aliyemfukua kwa mikono siku ile duara lilipoanguka.

"Shemeji, tunamchukua bwana wako," akaniambia. "Usijali, atakaa juu, hatashuka."

"Karibu chai kwanza," nikasema, nikachukua birika.

"Tumechelewa, shemeji. Jua likipanda tutakuta watu wamejaa."

Aliingia ndani lakini, kwa sababu aliliona kabati kupitia mlangoni. Siku ile maji yalikuwa meupe kabisa, chaza wote wamesimama mchangani, vinywa wazi, na mwanga wa mlangoni ukiwapiga walikuwa wanapendeza, hata mimi nasema. Akainama akashangaa. Mume wangu akajikongoja na gongo moja mpaka kwenye ndoo ya lambo niliyokuwa nimeichota alfajiri, akaiinua kwa mkono mmoja, mguu ukitetemeka, akaimimina yote ndani ya kabati. Chaza wakapotea. Palibaki tope tupu nyuma ya kioo, rangi ya chai ya maziwa.

"We bwana, vipi!" mwenzake akaruka.

"Subiri," akasema mume wangu. Alikaa kitandani, akatoa pampu ya baiskeli chini ya uvungu, akaanza kupuliza. "Maji haya yakiwa meupe tena, nitapanda gari."

Mwenzake alicheka, akadhani ni mzaha wa dakika mbili. Akasimama akatazama. Nje honi ikalia. Akatazama tena. Mimi nilisimama mlangoni na birika la chai mkononi, nikamkazia macho mume wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nachota na kumwaga kila siku, na nilijua vizuri kabisa maji yale huchukua muda gani. Na yeye alijua.

Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Yule mwenzake akamtazama mume wangu usoni, si kabatini tena, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Hakukasirika. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nafasi yako nampa nani?"

"Mpe mwenye watoto wachache."

Akanywa chai yangu kwa mafunda matatu akiwa amesimama, imemuunguza nina hakika, akaondoka. Vumbi la Landrova lilipotulia barabarani, niliingia ndani nikakaa chini karibu na kitanda. Nililia basi, kilio kile nilichokiahirisha siku ya ndoo. Hakunibembeleza. Aliendelea kupuliza hewa, shoo, shoo, uso kageuzia kioo.

Alasiri tukaanza kuona mchanga. Baadaye kidogo, chaza wa kwanza akatokea, mdomo wazi, halafu wa pili. Nikainuka nikaenda kuyachukua mabuti pale yalipokuwa, nikasita, nikamgeukia.

"Yatafaa kuendea kwa mzee wa vioo," akasema. "Kule nyuma ya duka lake kuna vipande vya vioo." Kisha akachungulia kabatini, akaona maji yanakaribia kuwa meupe kabisa. "Mama watoto, hebu chota ndoo nyingine ya lambo."